Faida Inaanza Mwaka wa Tano

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na mama pia. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ameacha kunyanyua mizigo. Mwambie asirudie hata akijisikia nafuu, maana mgongo ni mnafiki, unajifanya umepona kumbe unakuvizia. Na mama, ile miguu yake inayovimba, bado analala ameiegemeza kwenye mto? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kukuambia, na si kwamba nakuficha. Nikijichungulia ndani sioni kinachoniuma wala kinachonifurahisha, ni kama chumba kilichohamwa.

Barua yako niliipata. Umeniuliza swali moja tu: narudi au sirudi. Umesema mdogo wetu anataka kuoa na hana pa kumweka mke, na vile vyumba viwili vya uani ambavyo mama alinigawia vimefungwa tangu nilipoondoka, na anayevifagia ni wewe. Umesema hutaki tena kusikia neno mwakani, kwamba Mwakani amekuwa kama ndugu yetu mwingine ambaye hatujawahi kumwona sura. Hapo nilicheka, dada. Umesema pia kwamba ukipata jibu, liwe lolote, hutakasirika, ila usipopata ndipo utakasirika.

Jibu nitalitoa humu humu. Lakini kwanza nivumilie nikueleze habari ya mashine ya kufulia nguo. Unajua shule niliiachia njiani, sijui kulishika jambo kwa mkia. Nikianza na jibu nitaishia hapo hapo na utabaki unajiuliza nimefikaje.

Kazi yangu ni ile ile, kiwanda cha matofali ya saruji. Mimi niko upande wa kuchanganya. Vumbi la saruji linaingia kila mahali, kwenye kola, kwenye mifuko, ndani ya soksi, na ukitoka jasho linashikana na kitambaa. Ukivua suruali jioni ukaiacha sakafuni bila kuikung'uta, asubuhi unaikuta imekauka imesimama yenyewe. Kuna mwenzetu mmoja hapa nyumbani, ni mpishi kwenye mgahawa, basi yeye akiamka akaiona suruali yangu imesimama mlangoni huisalimia, huiuliza safari ilikuwaje, na huikaribisha ikae. Tumeshamzoea.

Tunaishi wanne. Mimi, huyo mpishi, mchomeleaji wa vyuma, na mzee mmoja tunayemwita Msafiri. Msafiri analinda ghala. Jina hilo alipewa kwa sababu sanduku lake halijawahi kufunguliwa lote. Nguo za kuvalia siku ya kurudi kwao zimepangwa mle chini, hazivaliwi, na kila mwaka anasema huu ndio wa mwisho. Ndiye mwenye miaka mingi kuliko sisi wote hapa. Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko, juu ya fundi wa matairi, kwa hiyo mchana kutwa tunasikia pampu ya upepo, na harufu ya mpira tumeacha kuisikia. Dirisha la jiko linatazama ukuta wa nyumba ya jirani. Ukiunyoosha mkono unaugusa.

Sasa, nyumba hii ina tabia zake. Mambo mawili hayaulizwi: mshahara wa mtu, na atarudi kwao lini. La kwanza ukiuliza utajibiwa vibaya. La pili ukiuliza hutajibiwa, na chakula chote siku hiyo kitaliwa kimya. Na kwa sababu kila mmoja anajihesabu kuwa yuko njiani, hakuna anayenunua kitu cha kudumu. Sahani zetu ni za plastiki. Magodoro ni yale membamba ambayo ukilala unazihesabu mbao moja moja. Kioo cha kunyolea ndevu kimeegemezwa kwenye mtungi, hakuna aliyewahi kupigilia msumari ukutani, ati ya nini, kesho tunaondoka.

Mashine za kufulia nazo tulinunua kwa akili hiyo hiyo. Tunachanga kidogo, tunachukua ya mtumba iliyochoka, tunasema itatufikisha. Ya kwanza ilikuwa inaruka. Ikianza kukamua nguo inatoka pale ilipo na kuelekea mlangoni, mchomeleaji akaiita Farasi, na ilibidi mtu aikalie. Mara nyingi alikuwa mpishi, anaikalia huku anamenya viazi, na ukimsemesha sauti yake inatoka imekatikakatika, nasi tunamwambia azungumze vizuri, mbona analia. Farasi alipokufa tukachukua nyingine, hiyo ikavuja hadi kwa fundi wa matairi, akapanda juu kichwa kimelowa na kutuuliza kwa upole sana kama tumeamua kumwogesha. Kulikuwa na nyingine baada yake, na nyingine. Ya mwisho ilijifunga mlango nguo zetu zote zikiwa ndani, ikazima, ikakataa kufunguka, mchomeleaji akaja na mashine yake ya kukatia vyuma akaipasua kama kopo la samaki. Siku hiyo nilikwenda kazini na shati la mpishi, limeandikwa jina la mgahawa mgongoni, na msimamizi akaniagiza chai.

Saruji ndiyo inayoziua, dada, saruji na uzee. Chembe zinaingia kwenye beringi, zinasaga. Na kabla ya kufa zinakula. Hizi za zamani zinajaza maji hadi juu hata ukiweka soksi mbili, halafu maji yote hayo zinayachemsha kwa umeme. Mita yetu ya umeme ni ya kulipia kwanza, ipo pale ukutani kwenye korido, na siku ya kufua ukiitazama namba zinashuka kama mtu anateremka ngazi mbio. Tulikuwa tukifua Jumamosi, Jumanne tuko gizani tunalaumiana nani kaacha taa ya choo.

Baada ya ile iliyopasuliwa tulifua kwa mikono kwa muda. Mikono yangu unaijua ilivyokuwa, sasa saruji imeipasua, na sabuni ya unga ikiingia kwenye ufa wa kidole hutaki kusalimiana na mtu. Ndipo mpishi akasema twende duka la vitu vipya tukaulize tu, kuuliza hakuna kodi. Tukaenda wote wanne siku ya mapumziko, tumevaa vizuri, tukasimama pale kama ukoo uliokwenda kuposa.

Muuzaji alikuwa binti mdogo, mstaarabu, ana kikokotoo mkononi. Akatuonyesha mbili zimesimama pamoja. Moja ya bei ndogo, mpya lakini ya bei ndogo. Nyingine bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili. Msafiri akauliza hiyo ya pili inafua na roho au nguo tu. Binti hakukasirika. Akatuonyesha kibandiko kilichobandikwa mbele, kina mistari ya rangi, kijani juu na nyekundu chini, akasema ile ya bei ndogo iko kwenye nyekundu na hii iko kwenye kijani, maana yake hii inatumia umeme kidogo sana. Akasema inazipima nguo uzito yenyewe kabla ya kuchukua maji, ukiweka chache inachukua machache. Akasema inafua kwa maji ya baridi na nguo zinatakata, na inakamua kwa nguvu hadi nguo zinatoka karibu zimekauka, na mota yake imedhaminiwa miaka kumi. Nilikuwa nasikiliza kila neno. Sijui kwa nini, kwa kawaida mtu akinieleza jambo refu napotea, lakini siku hiyo sikupotea.

Kisha akasema kwamba ukijumlisha umeme na maji na sabuni, ile ya bei kubwa inajilipa yenyewe katika miaka minne. Kuanzia mwaka wa tano ni faida tupu, na ile ya bei ndogo wakati huo itakuwa imeshatupwa. Akaweka kidole kwenye kikokotoo ili atupigie hesabu sawasawa, na akauliza, kama anavyouliza kila mteja, tunategemea kuitumia kwa muda gani.

Dada, mimi nikageukia kile kibandiko. Mchomeleaji akakohoa. Mpishi akafungua mlango wa mashine akachungulia ndani kana kwamba jibu limo mle. Binti akadhani hatujamsikia, akauliza tena. Msafiri ndiye aliyesema, mwaka mmoja. Binti akasema basi kama ni mwaka mmoja tuchukue ya bei ndogo, hiyo kubwa itakuwa hasara kwetu. Halafu kwa nia njema tu, ili kutuchangamsha, akamuuliza mzee amekaa hapa mjini muda gani. Msafiri akasema miaka kumi na saba. Yule binti hakucheka. Aliangalia kikokotoo chake kidogo, akakizima.

Tulitoka bila kununua. Njiani mchomeleaji alijaribu kuleta utani, akasema sanduku la Msafiri limezeeka kabla ya kusafiri, litahitaji fimbo. Msafiri akamjibu kwamba yeye angalau ana sanduku, wenzake wamekuja na mifuko ya nailoni na watarudi nayo. Mpishi akasema hesabu ni hesabu, kwamba kwa pesa tulizozichoma kwenye Farasi na jamaa zake tungeshanunua ile kubwa zamani na chenji ingebaki, na hivi sasa tungekuwa tumeshaingia kwenye mwaka wa faida. Msafiri akasimama katikati ya barabara, watu wanatupita, akasema hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha kuzika kwao. Hapo utani ukaisha.

Nyumbani tukaamua kila mtu aseme anachagua ipi. Sharti letu ni kwamba anayeondoka hurudishiwa mchango wake na anayeshika kitanda chake, kwa hiyo kwa ile kubwa ilibidi kila mtu awe ameridhika. Msafiri akasema ya mtumba. Mchomeleaji akasema ya mtumba, ingawa macho yake hayakusema hivyo. Mpishi akasema yeye moyo wake uko kwenye ile kubwa, lakini naye kwa kweli mwakani anaondoka, kwa hiyo wenye kubaki waamue. Wakanigeukia mimi. Nikasema nalala, nina zamu ya asubuhi.

Sikulala na uchungu, usije ukadhani. Nililala vizuri tu. Asubuhi nikaenda kazini nikachanganya saruji. Nilichokuwa nakifikiria siku ile nzima ni yule binti na kidole chake kwenye kikokotoo. Nilikuwa najaribu kumjibu. Nilisema kimoyomoyo, mwaka mmoja, na nikaona kwamba mwaka uliopita ningejibu hivyo hivyo, na ule wa kabla yake. Nikajaribu kujiona nimeshuka kwenye gari hapo kwenu, nimeshika begi. Nikaona barabara, nikaona geti, nikakuona wewe. Mimi mwenyewe sikujiona. Nilirudia tena na tena kwa sababu kazi ya kuchanganya haihitaji kichwa. Kila mara geti lilikuwepo na mimi sikuwepo.

Siku ya mapumziko iliyofuata nikarudi dukani peke yangu. Yule binti alinikumbuka. Nikamwambia ile ya kijani. Akauliza wenzangu wamekubali, nikasema sijawauliza. Akauliza basi sasa nitaitumia muda gani, nadhani alikuwa ananitania, nikamwambia mpaka ife. Akaandika anwani ya hapa kwenye karatasi ya udhamini, nikatia sahihi.

Ilipopandishwa ngazi, fundi wa matairi alisaidia kubeba, akanisihi kwamba kama hii nayo inavuja nimwambie mapema anunue mwavuli. Mchomeleaji aliiweka sawa kwa pimamaji isiegemee upande, akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa maonyesho. Mpishi alileta suruali yangu, akaiambia iingie taratibu, humu ni kwa watu wenye heshima. Msafiri alisimama mlangoni hakuingia. Akaniambia nimewaletea kaburi jikoni. Kwa siku kadhaa akipita kwenye korido alikuwa anajibana ukutani nisimguse. Halafu jioni moja nikiwa nakula akaja akasimama nyuma yangu, akauliza kwa sauti ya chini kitufe cha nguo nyeupe ni kipi. Nikamwonyesha. Alikuwa ameshika shuka moja tu.

Kwa upande wa mashine yenyewe sina malalamiko. Sasa tunazikung'uta nguo za saruji kwenye ngazi, tunazisuuza kwenye ndoo kwanza, ndipo zinaingia, ili beringi zisife. Haitoi kelele, mara ya kwanza mpishi aliweka sikio kwenye mlango akasema imekufa. Umeme tunaonunua unatufikisha mwisho wa mwezi na unabaki. Sabuni kifuniko kimoja. Suruali haisimami tena. Ukweli, kila alichosema binti yule kimekuwa kweli. Nikisimama kwenye korido siku ya kufua naiangalia mita, namba zinateremka polepole kama mtu mzima, na ndicho kitu pekee siku hizi ninachokiangalia hadi mwisho.

Sasa nikujibu.

Niliponunua, wenzangu hawakuuliza pesa imetoka wapi, na hawakuuliza kwa sababu wanajua. Mtu wa kazi zetu ana pesa za aina mbili tu, ya kula na kutuma nyumbani, na nauli ya kurudi. Ya kwanza wewe umeipata kama kawaida mwezi ule, haikupungua. Nauli ya kurudi ilikuwa imekaa benki tangu miaka ile ya mwanzo. Nilikuwa naijua kama ninavyolijua jina langu, siigusi hata nikiumwa. Nimeitoa yote. Ilitosha mashine na ikabaki ya kumpa fundi wa matairi kwa kubeba. Nilingoja niumie, dada. Niliketi jikoni nikiiangalia inazunguka, nikangoja. Kilichokuja ni usingizi.

Kwa hiyo sirudi. Sijapata mke huku, sijapata pesa, sijafanya kosa linalonikimbiza, watu wasije wakatunga. Na si kwamba nimepapenda hapa. Hapa ndipo nguo zangu zinapofuliwa, ni hivyo tu, na nimechoka kuishi kama mtu anayengoja kuitwa. Kama utalia, lia, lakini usikae unafagia vyumba vya mtu asiyekuja. Mpe mdogo wetu funguo. Vilivyomo vyote ni vyake, kitanda, meza, na yale mabati niliyonunua ya kuezekea upya. Asinilipe na asinishukuru. Akitaka kuvunja ukuta wa katikati vipate kuwa chumba kimoja kikubwa, avunje, mimi nilikuwa na nia hiyo hiyo.

Na mwambie akianza maisha na mkewe asinunue vya mtumba. Anunue kitu kizuri kimoja kimoja, achelewe lakini anunue kizuri, aangalie kibandiko cha kijani. Yeye yuko kwake, ana haki ya kuhesabu miaka.

Liko moja lililobaki, nalo ni gumu kuliko la funguo. Mama. Akikuuliza, usimwambie mwakani, hata akikuangalia kwa lile jicho lake. Na usimwambie hatarudi, kwa maneno hayo, hapana. Mwambie mwanao amenunua mashine ya kufulia, mpya, ya bei kubwa, ya kukaa miaka kumi. Umwambie jinsi inavyopima nguo uzito, atapenda kusikia hilo, yeye aliyetufulia sote kwa mikono yake. Kisha nyamaza. Atauliza mashine kubwa hivyo ataibebaje, na wewe uendelee kunyamaza. Mama ni mtu mzima. Atamaliza mwenyewe.

Nisalimie shemeji na mgongo wake, nisalimie wapwa zangu wote, yule mkubwa mwambie miwani haimzeeshi, avae. Mpe mdogo wetu hongera zangu, na huyo shemeji mpya mwambie ana kaka mahali fulani. Pesa ya mwezi huu itafika kwa njia ile ile. Ukipata nafasi niandikie, si lazima iwe ndefu, niambie tu ukuta kama wameuvunja.

Wako akupendaye,

Ni mimi, niliyekufuata kuzaliwa.